Beseni Linasema Ulisimama Wapi

Hoja iliyo mezani ni hii: kijana wa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi nchini Rwanda, anayeanza kuchora, asiye na mwalimu wala karatasi za kuchezea, atumie miezi yake ya mwanzo kwenye duaradufu na mtazamo wa kina, au aende moja kwa moja kwenye anachokipenda, yaani sura za watu, ziwa, mlima, pikipiki? Wanaolumbana juu ya jambo hili ni wengi na hawapangi foleni. Yupo mwalimu wa zamani anayedai kurasa kwa kurasa za maduara. Yupo kijana mwenyewe, aliyechoka kabla hajaanza. Yupo mchora mabango ambaye hajawahi kuwaza duaradufu na watoto wake wanakula. Na yupo mtetezi wa sanaa ya asili, ambaye akisikia neno mtazamo anasikia mkoloni. Nitawapa wote nafasi ya kusema, lakini sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Upande wangu ni kwamba duaradufu ifundishwe mapema, tena mapema sana, ila isifundishwe kama umbo la kukariri. Ifundishwe kama kipimo cha urefu wa jicho la mchoraji.

Tuanze na vitu vilivyopo. Katika soko la Mbugangari, na kandokando ya njia ziendazo Petite Barrière, kituo cha mpaka wa kuingia Goma, Kongo, bidhaa nyingi hukaa katika vyombo vya mviringo: beseni la nyanya, ndoo ya samaki wa sambaza, sufuria, sahani. Mdomo wa beseni ni duara kamili. Uzungushie kamba, uupime upendavyo, utakuta ni duara. Lakini hakuna mnunuzi anayeuona hivyo, labda awe ameinama sawasawa juu yake. Aliyesimama hatua mbili kutoka beseni lililo chini anaona umbo lililobanwa, yaani duaradufu. Muuzaji aliyeketi kwenye kigoda, umbali ule ule, analiona limebanwa zaidi. Mtu akishuka mpaka jicho lake likawa sawa na ukingo, duara lote linageuka mstari. Hesabu yake si ngumu: jicho likiutazama ukingo kwa mteremko wa nyuzi 30, upana wa duaradufu unakuwa nusu ya urefu wake; kwa nyuzi 10 unashuka hadi chini ya moja ya tano. Maana yake ni kwamba kila duaradufu iliyomo katika picha ni taarifa, inasema jicho la mchoraji lilikuwa juu kiasi gani. Anayechora beseni lililofunguka kama mwezi mpevu na kando yake ndoo ya kimo kile kile yenye mdomo mwembamba kama uzi, ametoa taarifa mbili zinazopingana, na mtazamaji asiyejua hesabu yoyote atahisi tu kwamba vitu vinataka kuteleza viondoke kwenye karatasi.

Hapo ndipo somo la duaradufu na somo la mtazamo wa kina yanapokuwa somo moja. Vitabu vingi vinayatenganisha: sura ya kwanza nyumba na barabara zinazokimbilia nukta moja, sura ya tano vikombe. Lakini mstari ambao barabara hukimbilia ni ule ule ambao juu yake midomo ya vyombo hugeuka mistari, nao ni mstari wa jicho. Gisenyi ina bahati ya kuwa na mstari huo ukiwa umechorwa tayari. Anayesimama ufukweni akatazama kusini kuelekea maji mapana ya Ziwa Kivu, anaona yanaishia karibu kabisa na kimo cha macho yake, na watu wa urefu wake waliosimama ufukweni pale, wa karibu na wa mbali, wote wanakatwa na mstari huo machoni. Akiketi, mstari unashuka pamoja naye.

Kijana ananikatiza. "Mwalimu, macho ninayo. Kwa nini nisichore tu ninachokiona, haya mengine yakaja baadaye?" Swali ni zuri, na lingekuwa na nguvu kama kweli tungekuwa tunachora tunachokiona. Mwaka 1931 mwanasaikolojia Robert Thouless alichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa sahani za duara zilizolazwa, wakaombwa waonyeshe umbo walilokuwa wakiliona. Umbo walilolitaja lilikuwa mara kwa mara mviringo zaidi kuliko lile lililofika machoni mwao. Akili inajua sahani ni duara, basi inaisukuma picha irudi kwenye duara. Ndiyo sababu mchoraji anayeanza huufungua mdomo wa kikombe kupita kiasi, halafu chini ya kikombe anapiga mstari wa rula, kwa kuwa anajua meza ni bapa. Mdomo ameuchora kwa kumbukumbu ya duara, kitako kwa kumbukumbu ya meza, na jicho halikuulizwa popote. Kumwambia mtu huyu "chora unachokiona" ni kumwachia kazi ambayo ndiyo hasa inayomshinda.

Na asidhani ni ugonjwa wa wanafunzi peke yao. Albrecht Dürer, fundi ambaye mkono wake hakuna anayeuhoji, alitoa kitabu cha upimaji mwaka 1525 akaonyesha namna ya kupata mkato wa mshazari wa pia. Mkato huo ni duaradufu, yenye pande mbili zilizo sawa. Dürer akauchora kama yai, mwembamba juu, mnene chini. Mantiki ilionekana kumuunga mkono, maana pia ni nyembamba juu. Kosa hilo hilo lipo mbele ya kila anayechora beseni: nusu ya karibu ya ukingo inaonekana kubwa kuliko nusu ya mbali, basi akili inasema umbo zima linenepe kwa mbele. Halinenepi. Kinachohama ni kitovu. Chora mraba uliolala kwa mtazamo wa kina, uupigie mistari miwili ya pembe kwa pembe, kisha uchore ndani yake duara linalogusa pande zote nne. Mistari ile itakutana kwenye kitovu halisi cha beseni, na utakiona kiko mbali kidogo kuliko katikati ya duaradufu. Dakika tano za zoezi hili zinafundisha zaidi ya kurasa nyingi za ushauri, kwa sababu mwanafunzi anashuhudia akili yake ikikosea na mstari ukiisahihisha.

Mfano mkubwa zaidi uko kaskazini mwa mtaa wenyewe. Kreta ya volkano ya Nyiragongo ina upana wa zaidi ya kilomita moja, na kilele chake kiko takriban mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 2,000 juu ya Ziwa Kivu. Aliye Mbugangari anautazama mlima huo kutoka chini. Ndani ya kreta haoni. Anachopata ni kilele kilichokatwa karibu sawa, na usiku, lava ikiwa hai, mwanga mwekundu kwenye moshi. Ila mpe anayeanza penseli, atachora bakuli lililo wazi, na moto unaonekana ndani kana kwamba yumo ndegeni. Amechora anachokijua kuhusu Nyiragongo, mlima uliomwaga lava mpaka katikati ya Goma Januari 2002 na ukalipuka tena Mei 2021. Ujuzi huo ni wa kweli na unaogofya kuliko kilele kinachoonekana, nami simlaumu. Lakini kama nia yake ilikuwa kuonyesha mlima unavyoonekana na watu wanaolala chini yake, basi kreta ile wazi imemnyima picha hiyo, maana imempeleka angani na kuwaacha jirani zake mtaani.

Mwalimu wa zamani anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nilisema mimi. Wajaze daftari zima maduara, mkono uzoee." Hapa natofautiana na mtu aliye upande wangu. Mazoezi ya mkono mtupu yana faida moja ya kweli: yanamfundisha mwanafunzi kuchora kwa bega badala ya kifundo cha mkono, azungushe penseli hewani mara mbili tatu kabla ya kugusa karatasi, na mstari utoke kwa mpigo mmoja bila kusitasita. Faida hiyo hupatikana upesi. Baada ya hapo mkono unazoea duaradufu moja tu inayoupendeza, na mwanafunzi ataibandika kila mahali, juu ya chupa, chini ya chupa, kwenye gurudumu. Amekuwa hodari wa kuchora jibu kabla ya swali.

Nambadilishia daftari lake kwa chupa moja. Chupa tupu ya Primus, bia inayotengenezwa na Bralirwa hapa hapa Gisenyi, ni darasa zima. Isimamishe mezani, ukae mbele yake. Mdomo wake uko karibu na kimo cha jicho, basi duaradufu yake ni nyembamba. Mabega ya chupa yako chini zaidi, yanafunguka kidogo. Ukingo wa chini wa lebo umepinda kuliko ukingo wa juu, na kitako kimefunguka kuliko vyote. Tia maji mpaka nusu, utapata duaradufu nyingine mahali pasipo na ukingo wowote wa kioo. Sasa zichore zote nzima, hata nusu zisizoonekana kwa nyuma, kana kwamba kila kitu ni kioo. Hapo ndipo ncha kali za pembeni hujitokeza, zile zinazoonekana pale mtu anapounganisha pinde mbili badala ya kuzungusha mstari mmoja. Nyoosha mkono, pima upana na urefu kwa penseli, jicho moja likiwa limefumbwa. Kisha simama, uchore tena. Chupa haijasogea na kila kitu kimebadilika. Hayo mabadiliko, kutoka kuketi hadi kusimama, ndiyo somo; mwalimu anayedai daftari lijazwe maduara hayagusi kabisa.

"Lakini mimi nataka watu," kijana anasisitiza, "sitaki kuishia kuchora chupa." Haishii. Kola ya shati inaizunguka shingo kwa duaradufu, na ikiwa shingo imeinama mbele, duaradufu inainama nayo. Pindo la kitenge kiunoni, ukingo wa kofia, mkono wa shati unaoishia juu ya kiwiko, vyote vinasema kiungo kinaelekea kwetu au kinatukimbia. Picha nyingi za wanaoanza zina sura iliyofanyiwa kazi kwa saa nzima ikiwa imekalia kola iliyochorwa kama bakuli, na hiyo kola peke yake inaibandika sura ukutani. Akitaka watu wa mtaa wake na kazi zao, atakutana na magurudumu. Wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovuka kati ya Gisenyi na Goma kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, mizigo ikiwa imepanda juu ya vichwa vyao, ni mtihani ambao wachoraji wengi huukwepa kwa kufunika magurudumu kwa vumbi. Kanuni inayosaidia ni moja: mhimili mfupi wa duaradufu hufuata ekseli. Ekseli ikionekana imeinama, gurudumu linainama nayo, hata kama mwenye baiskeli anaapa limesimama wima. Chukudu za Goma, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo zenye sanamu yao katikati ya jiji, zinafuata kanuni hiyo hiyo kwa magurudumu ya mbao.

Mchora mabango amesubiri kwa adabu. "Ndugu mwandishi, kinyozi akinipa ukuta, anataka kichwa na mashine, na anataka avione akiwa ng'ambo ya barabara. Nikimchorea kikombe chenye mtazamo wako, wateja watatafuta kikombe kiko wapi." Nakubaliana naye zaidi ya anavyotarajia. Bango husomwa, na kinachosomwa kinataka umbo bapa, mstari mnene, rangi zisizobishana. Kichwa cha kinyozi kilichochorwa kwa ubavu kamili hakihitaji upeo wa macho. Ila hoja yake inathibitisha kwamba ipo kazi isiyohitaji somo hili; haithibitishi kwamba anayeanza, ambaye bado hajui kazi ipi itamlisha, alikwepe. Na siku mwenye duka la vipuri atakapomwomba tairi lililolala, au mwenye mgahawa sahani ya samaki, bapa litamgomea.

Mpinzani mzito ndiye wa mwisho, naye anazungumza kwa kituo. "Mnataka kijana wa Rwanda atupe macho ya wazee wake avae miwani ya Florence. Imigongo haina nukta ya kutoweka. Edward Saidi Tingatinga hakuhitaji upeo wa macho. Hamuoni kwamba kila anayefundishwa mtazamo wa kina anafundishwa pia kuona kazi za kwao kama za watoto?" Sehemu ya mashtaka haya ni kweli. Imigongo, ile sanaa ya mashariki mwa Rwanda inayofinyangwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, inafanya kazi kwa mpangilio wa pembe na rangi juu ya uso bapa, na ingeharibika kama ingetobolewa shimo la kina katikati. Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, aliacha, alipokufa mwaka 1972, mtindo ambao wanyama wake wanaijaza picha bila kuomba ruhusa ya jicho lolote. Na ni kweli mtazamo wa kina umewahi kutumiwa kama ngazi ya kupanga watu, wenye nao juu, wasio nao chini.

Lakini tuangalie katazo la kumfundisha Mwafrika mbinu hizi lilitoka wapi. Mwaka 1946 huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyoitwa Hangar, wakatoka humo mabingwa kama Pilipili Mulongoy. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba wasifundishwe mbinu za Ulaya. Katika chuo cha Makerere, Uganda, Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937, naye aliwataka wanafunzi wachote katika fikra na hadithi zao badala ya kuiga mifano ya Ulaya. Nia zao zilikuwa njema na matunda yalionekana. Hata hivyo, aliyeamua nini Mwafrika asijifunze alikuwa mgeni, sawa na aliyeamua nini ajifunze. Mwanafunzi wa Trowell, Sam Ntiro wa Kilimanjaro, alikwenda baadaye kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, kati ya 1952 na 1955, mahali ambapo kuchora kwa jicho lililofundishwa kulikuwa ndiyo kazi. Alirudi, na vijiji vyake vikaendelea kupanda juu ya karatasi kama alivyovitaka yeye, watu na migomba na vilima vikipangana bila kutii nukta moja. Somo halikumnyang'anya macho. Lilimpa nafasi ya kukataa akijua anakataa nini.

Na miwani yenyewe haikuanzia Florence. Mwitaliano Alberti aliandika kanuni za mtazamo wa kina kwa wachoraji mwaka 1435, lakini elimu ya jinsi mwanga unavyoingia jichoni kwa mistari iliyonyooka ilikuwa imeandikwa kwa Kiarabu na Ibn al-Haytham, Kairo, katika karne ya 11, kisha ikatafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kabla Alberti hajazaliwa. Lipo pia jambo la karibu zaidi. Achukue mtetezi wetu agaseke, kile kikapu chenye mfuniko wa pia ambacho Rwanda imekifanya nembo yake. Msusi huanza kitakoni, katikati, na kuzungusha duara juu ya duara mpaka juu. Kila duru ya ususi, ikitazamwa kwa ubavu, ni duaradufu yenye upana wake, na pambo la meno ya msumeno linapanda juu ya duru hizo. Mchoraji asiyejua hili huchora pambo kwa mistari iliyonyooka, na kikapu kinakuwa karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Kazi ya msusi imepotea, kwa kuwa kazi yake ilikuwa mzunguko. Anayetaka kuiheshimu sanaa ya bibi yake kwa penseli atalihitaji somo analolikataa.

"Simu itafanya yote hayo," anasema mmoja kutoka nyuma. Simu ikisogezwa karibu mno na beseni hulivimbisha, na programu za kuchora hutoa duaradufu safi kwa kidole kimoja, lakini zote zinakuachia uamuzi wa pembe. Asiyejua pembe atapata kosa lililonyooka vizuri.

Uamuzi huo wa pembe ndio ninaoutetea kuliko usahihi wenyewe. Mama aliyeketi nyuma ya beseni lake la nyanya anaweza kuchorwa kutoka kimo cha mteja aliyesimama, na hapo beseni litafunguka, nyanya zitaonekana zote, na yeye ataonekana utosi na mabega. Anaweza pia kuchorwa kutoka kimo cha jirani yake aliyeketi kigoda cha pili. Beseni litajifunga, nyanya zitabaki safu moja ya juu, na uso wake utakuwa sawa na wetu. Picha zote mbili ni sahihi. Moja ni ya mnunuzi, nyingine ni ya mtu wa sokoni. Anayeanza asiyeijua duaradufu huzichanganya bila kukusudia: beseni la mnunuzi, uso wa jirani, na wala hajui kwa nini picha haitulii. Anayeijua akizichanganya, amechagua.

Kwa hiyo mwalimu wa Mbugangari, na hata wa Shule ya Sanaa ya Nyundo, iliyoko kilomita chache tu kutoka hapa na inayofundisha tangu miaka ya 1950, asianze na rula wala na kurasa za maduara. Aweke chupa na beseni sakafuni, awaambie wanafunzi wachore wakiwa wameketi, kisha wakiwa wamesimama, kisha walinganishe. Karatasi ikikosekana, kipande cha makaa na sakafu ya saruji vinatosha kwa miezi ya mwanzo. Michoro ya zoezi hili haihitaji kutunzwa.